Sauti ya Leokadia

Nyamizi alikuwa na pumu tangu utotoni, na kila msimu wa kupiga mpunga kule Usangu, karibu na Igawa, vumbi lilimlaza chini. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Mbeya alimpa dawa mpya ya kuvuta, iliyokaa ndani ya kikopo kidogo cha bati. Alimwambia avute asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima, kwa sababu kazi yake ni kuzuia. Kifua kikishabana, dawa hiyo haikifungui, akimbilie hospitali.

Miezi miwili alilala kama watu wengine. Kisha sauti yake ikaanza kubadilika. Ilishuka, ikawa nzito, ikakwaruza. Mchana mmoja aliwaita kuku, na baba mkwe wake, mzee Budeba, ambaye macho yake hayakuona tena, akaitika kutoka barazani: "Naam, Leokadia."

Leokadia alikuwa mkewe. Walikuwa wamemzika miaka minne kabla ya hapo.

Malimi, mume wa Nyamizi, naye aliisikia sauti ya mama yake. Ikawa hamjibu mkewe mpaka kwanza amwone uso. Majirani wakapunguza kuja. Nyamizi alipojitazama kwenye kioo aliona utando mweupe umetanda ulimini kama majivu, akakiogopa kinywa chake mwenyewe. Akaificha dawa darini.

Siku ya kumi na mbili bila dawa, akiwa anapepeta mpunga, kifua kikabana. Alimwonyesha Malimi darini kwa kidole, naye akamletea kile kikopo. Akavuta, akavuta tena, hewa isiingie. Lori la mizigo liliwachukua hadi Mbeya, akachomwa sindano, ndipo akapata pumzi.

Muuguzi Benedicta alimtazama kinywani, akamwuliza kama huwa anasukutua baada ya kuvuta dawa. Nyamizi alisema hakuna aliyemwambia.

"Dawa ikibaki kinywani inaotesha ukungu, na koo linakwaruza," alisema Benedicta. "Kila ukimaliza kuvuta, sukutua kwa maji, uteme. Na usiiache kwa uamuzi wako. Ukiogopa kitu, njoo utuambie."

Akampa na dawa ya zambarau ya kupaka ulimini. Baada ya wiki tatu sauti yake mwenyewe ilirudi, na Malimi akaanza tena kupiga naye soga. Mzee Budeba tu ndiye aliyenyamaza.

Asubuhi moja alimfuata Nyamizi nyuma ya nyumba, akipapasa ukuta, akamkuta na maji mdomoni.

"Mwanangu, leo usisukutue," alisema. "Leokadia alikuwa hajamaliza kunieleza."

Nyamizi akatema maji. Akamwuliza kwa upole ni saa ngapi walikuwa wakizungumza.

"Kila alasiri. Wewe ukiwa shambani."

Nyamizi alimshika mkono, akamrudisha barazani, akamwekea uji.

Hakuacha kuvuta wala kusukutua, na msimu ule kifua hakikubana tena. Lakini hakumwacha mzee peke yake nyumbani. Kila alasiri alimbebea kigoda hadi shambani, akamketisha mahali ambapo angeweza kumwona akiwa kazini. Mzee hakubisha. Alikaa uso ameuelekeza nyumbani, akisikiliza.