Darasa Lisiloamkia

Mama Chaki alitaka jambo moja tu: kurudi kwenye darasa lake la kwanza. Alilifundisha miaka mingi huku marehemu mumewe akifundisha la pili, ukuta mmoja kati yao, naye Mama Chaki akimsikia akikohoa na kusomesha imla. Sasa imetoka amri kwamba mwalimu asiyefaulu mchezo wa darasa la kompyuta pale chuo cha ualimu asiguse tena ubao.

Wakamvika miwani mizito kama sufuria. Mbele yake wakatokea watoto wa kuchorwa, safi, hakuna hata mmoja anayevuta kamasi. Akasimama akiwatazama, nao wakamtazama.

"Mama, anza somo," mkufunzi akanong'ona. "Muda unakwenda."

"Nianzeje na hawajaniamkia?"

"Hao hawakufundishwa kuamkia."

"Basi wazazi wao wana kazi." Akakunja mikono, akasubiri wasimame.

Hawakusimama. Kengele ya mchezo ikalia hajatamka hata irabu moja. Akavua miwani akijua imekula kwake. Kumbe mashine ilikuwa ikipima utulivu wa mwalimu, na tangu iletwe haijapata kuona mtu aliyetulia namna ile. Ikampa alama za juu kuliko wote.

"Hongera, mama," mkuu wa chuo akasema, meno yote nje. "Wewe hurudi kule. Utabaki hapa uwafundishe wenzako kutulia. Ofisi ina feni."

"Na darasa langu?"

"Atapelekwa yeyote."

Mwalimu mwenzake mafunzoni, aliyeitwa Tai kwa kupenda kuvaa tai, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shangazi, sisi tunazitafuta alama kwa tochi, wewe unazikimbia?"

"Nifundishe kufeli, mwanangu. Wewe ndiye mwenyeji wa huko."

"Ongea sana. Mimi ndivyo ninavyofeli."

Mama Chaki akaomba kurudia mchezo. Mkuu akadhani ni unyenyekevu, akawaita walimu wote waje wajionee.

Safari hii Mama Chaki hakuwapa nafasi ya kupumua. Akamtoa wa mbele nje, akamvuta wa nyuma mbele, akagonga meza. Akawaambia kulikuwa na mwalimu darasa la pili, akikohoa tu, darasa la kwanza linanyamaza bila mtu kusema neno, na siku aliyoacha kukohoa ukuta ule ulikuwa mrefu ajabu. Kengele ikalia, yeye bado anawasimulia.

Mashine ikampa alama za chini kuliko hata za Tai.

Mkuu akafuta jasho mbele ya walimu aliowaita. "Mama, cheti cha mara ya kwanza hakifutiki, umefaulu. Ila hapa chuoni hapana. Utawaharibu watoto wetu. Itabidi urudi kwa wale wa kwenu. Pole sana."

"Nimeshapoa," akasema, akaenda kufungasha kabla mkuu hajabadili mawazo.