Pampu ya Bei ya Zamani

Asubuhi bei ya petroli ilipopanda tena, Mama Pampu, mhudumu mkongwe wa kituo cha mafuta, aliikuta ile pampu mbovu iliyo karibu na choo inafanya kazi. Bei yake ilikuwa ya miaka ile mtu alipoweza kujaza tangi na bado akabakiwa na chenji ya soda. Akamwambia meneja. Meneja akasema mafuta ni mafuta, auze.

Kasoro ilijulikana kabla ya mchana. Injini ikiwa inanguruma kwa petroli ile, ulikuwa miaka ile; ikizimika, umerudi leo, na petroli iliyobaki tangini nayo imekuwa ya leo. Fundi seremala alikwenda kununua mbao, akakuta pale bado ni baa, akanunuliwa bia na marehemu shemeji yake. Watu wakasema ana bahati, wakarudi kwenye foleni.

Dereva mmoja wa teksi, mtu mzima aliyeitwa Mteremko, alijaza akiwa na safari moja tu kichwani. Jina alilipata kwa ubahili: kila penye mteremko alitoa gia, akazima injini, gari likashuka lenyewe. Mafuta yalipokuwa rahisi hakuwa hivyo. Alizungusha marafiki mji mzima ili wapigwe na upepo tu. Mama yake alikaa ng'ambo ya kilima, na kila alipomwita alijibiwa, "Kawia ufike, mama." Alikawia, na mama hakungoja. Jambo hilo lilimuuma kila siku.

Alipofika juu ya kilima alimwona mama, akapiga honi. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele, kijana kuliko yeye mwanawe. Mama akainua uso, akaitambua honi, akasimama akijikung'uta nguo.

Mazoea yana taabu. Penye mteremko mkono ulitoa gia, ukazima injini. Gari likashuka kimya kimya hadi kwenye geti la bluu la watu waliokuja kuinunua nyumba ile. Mbwa wao akambwekea.

Alijaribu kuwasha tena na tena. Injini ikawaka, lakini siku ilikuwa imeshakuwa ya leo.

Kesho yake alikuwa wa kwanza kituoni.

"Na bei ya pampu hii pia imepanda?" aliuliza.

"Imepanda, baba. Mimi nauza tu."

Mteremko akaitazama bei, akaijua. Ilikuwa ya wiki aliyozikwa mama. Asubuhi ya maziko alizunguka vituo vyote akitafuta ambacho hakijapandisha, akafika kaburi limeshafukiwa.

"Nikuwekee au unaacha?"

"Jaza. Safari ile nayo nilichelewa."

Alishuka kilima injini ikinguruma, akaegesha kando ya makaburi bila kuizima. Watu walikuwa wamesimama na makoleo. Mjomba wake alimwangalia yule mzee mwenye mvi, hakumtambua, akampa mkono wa pole.

"Wewe ni nani kwa marehemu, mzee wangu?"

"Jirani," alisema Mteremko, na aibu ikamshika.

"Ahsante kwa kuja. Tulitaka kumsubiri mwanawe, lakini jua linazidi."

"Yuko wapi?"

"Anatafuta petroli ya bei nafuu."

Wachache walicheka kidogo, kwa adabu ya msibani. Saa hiyo, Mteremko alikumbuka vizuri, yule kijana alikuwa kwenye kituo cha tatu anabishana na mhudumu.

Mjomba akampa koleo. Akaanza kufukia, udongo kidogo kidogo, polepole kuliko wenzake wote, huku sikio lake likiwa barabarani, huenda yule mwingine angewahi. Gari lililosikika lilikuwa lake tu, likinguruma pale alipoliegesha.