Jina Lililozikwa

Chuoni Nanyokie alisomea jinsi biashara ilivyounganisha dunia, na mwalimu wake alisisitiza: kila mahojiano yaanze na jina la msimulizi. Basi likizo moja akamrekodi bibi yake kwa simu kule Enguserosambu, akieleza jinsi shanga za shingoni mwake zilivyovuka bahari.

Bibi akafariki. Baada ya maziko Nanyokie akawafungulia ndugu zake ile sauti, eti awafariji. Sauti ikaanza kwa kujitaja jina, na kwa Wamasai jina la marehemu huzikwa pamoja naye; kulitaja ni kumwita.

Baba zake wadogo wakainuka, wakatoka. Akabaki mama, kajifunika shuka usoni. Kwenye simu, bibi alikuwa anacheka.

"Umeshamwita," mama alisema. "Haya, msomi, mwambie umemwitia nini."