Boriti za Kichanja cha Uani

Mkoba wa ukili wa mama mkwe wangu, Bi Mwanawetu, ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango siku aliyoletwa kutoka Salale, kule delta, na tangu hapo haukuwahi kutolewa vitu vyote. Alitoa kanga aliyotaka kuvaa, kisha akaukaza tena ugwe. Kila nilipofagia niliutazama, nao ulinitia wasiwasi kuliko maneno yake. Maneno yenyewe yalikuwa machache: maji yakipungua mtoni, atarudi kwake.

Arudi kwa nani? Baba mkwe alikwisha kufariki, eda ilikwisha, na mara ya mwisho majirani walimkuta ameanguka kwenye mpunga, jua limempiga tangu asubuhi. Mume wangu Muhidini alimfuata kwa mashua, akamleta kwetu Kibiti karibu na kumbeba. Ndani hakukaa. Alisema bati letu linamkaanga kichwa. Kutwa alihamisha mkeka uani, akifukuzana na kivuli cha ukuta, na saa sita kivuli kilipokwisha alikaa hivyo hivyo juani.

Ndipo nilipoleta wazo langu, na niseme kweli, halikuwa la huruma tupu. Huo ndio mwaka maduka ya Kibiti yalipoanza kuwa na sabuni za kuchagua, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande kimoja. Nilinunua vikombe vilivyofungwa kwa kurasa za gazeti la ng'ambo, na ukurasa mmoja ulikuwa na picha: nguzo nne, miti myembamba imelazwa juu kwa nafasi, maua yametambaa, na chini yake mwanamke anakunywa chai kama hana hata sufuria moja ya kuosha. Nilikitaka kivuli kile. Nilitaka pia mashoga zangu wakione.

Muhidini aliipenda picha. Fundi Mtoro aliigeuza huku na huku, akauliza paa litakuja lini. Nilipomweleza kwamba paa ndilo hilo, na majani ndiyo yatakayoezeka, alisema basi ni kichanja tu, na vichanja anavijua. Tulichagua mahali karibu na jiko, tukapiga hatua nne kwa tatu, na Muhidini akaagiza miti ya mikoko kutoka huko huko delta: nguzo nne za kiasi, na fito za kulaza juu.

Siku miti iliposhushwa, Bi Mwanawetu aliinuka mkekani bila kushika goti. Kwa miaka thelathini alikuwa akifunga miti iliyokatwa na mumewe, korija korija, ishirini kwa kila fungu. Sisi tulikuwa tumesahau, au hatukuwahi kuuliza. Alipitisha kiganja juu ya kila mti, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Huu umekatwa ungali mchanga, alisema. Huu umelala mvuani, moyo umelegea. Fundi Mtoro, mtu asiyekubali kuelekezwa hata na mwenye nyumba, alichukua panga akapiga pale alipoonyeshwa, na moyo wa mti ukamomonyoka kama muhogo uliovundikwa. Akavua kofia, akacheka peke yake, na tangu saa ile akawa anamwita fundi.

Nilimstaajabia mama yule. Nilimwona mrefu, nikaona haya kwamba kwa wiki zote hizo nilikuwa nikimwuliza tu kama amekula.

Lakini hakuishia hapo. Alizikataa hata nguzo zilizokuwa nzima. Nyembamba, alisema. Fito alizikataa zote, akataka juu zilazwe boriti, zile nene za kubeba dari ya udongo. Muhidini alimweleza kwa adabu kwamba maua hayana uzito. Akajibu kwamba amesikia. Kisha akasema tena, boriti.

Jioni Muhidini alinifuata jikoni, akaniambia mama anatafuta kisingizio. Kazi isipomridhisha atasema hapa hapamfai, nasi hatutakuwa na la kumjibu. Nilimwamini, na moyo ukaniuma. Nikaikunja picha yangu, nikaitia chini ya vikombe.

"Mpe boriti," nilimwambia. "Kiwe kibaya, kiwe kinene, mpe. Mimi nataka akae."

Boriti zikaja, na nguzo nene. Vitako vya nguzo mama aliagiza vibabuliwe motoni kwanza, mchwa wasipate pa kuanzia, na kimo cha kichanja fundi alikipima kwa mkono wa mama, alipounyoosha juu. Kilisimama kinene kweli. Shoga yangu Zuhra alipokiona aliuliza kama tunapandisha ghorofa. Nilicheka naye.

Asubuhi ya tatu nilimkuta mama amechuchumaa penye nguzo ya mwisho, anachimba kishimo kwa upawa wangu. Kwenye nguzo tatu nyingine vishimo vilikwisha kufukiwa. Mkoba ulikuwa kando yake, mdomo wazi, hamna kitu. Kiganjani alikuwa na mbegu moja pana, bapa, yenye nyuzinyuzi. Niliijua: kweme, mbegu ya mmea utambaao. Nilipojifungua mtoto wa kwanza ndizo alizonitumia kutoka Salale, nizikaange, ziniletee maziwa.

"Mama, mkweme si mzito?"

"Ukizaa unalaza mti mzima," alisema. "Nyie mlitaka maua."

"Utazaa lini?"

Aliitia mbegu shimoni, akaifukia, akabonyeza udongo kwa kidole gumba.

"Mwaka wa kwanza ni majani tu. Wa pili utazaa kidogo. Wa tatu ndio hasa." Akaninyooshea mkono nimwinue. "Haya, niletee maji, mwanangu."

Nilipopita ndani kuchukua kata, niliuona msumari nyuma ya mlango. Nikatundika ungo.