Sahani Isiyoonjwa

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla chai haijachemka, Adèle aliketi jikoni na daftari magotini akingoja kubipiwa. Watu kumi na wawili, mmoja kwa kila mtaa, walipiga simu ikalia mara moja, wakaikata. Mlio mmoja maana yake usiku umepita salama, watu wetu wote wameamka. Mpango huo hakuubuni mfadhili yeyote. Wale wa kujitolea, waliowatembelea wenye majonzi mitaani, hawakuwa na unite za simu za kuongea, na Adèle, mkurugenzi wao, tangu ofisi yao ya Nguba ifungwe na gari lichukuliwe, hakuwa na nguvu ya kuongea na watu kumi na wawili kabla ya jua.

Siku hiyo alikuwa amechora vijistari kumi na moja. Simu ya kumi na mbili ikalia. Akangoja ikatike. Haikukatika.

"Maman Adèle." Ilikuwa sauti ya Amisa wa Kasha, mwanamke ambaye kwa kawaida hakufika kwenye jambo kabla ya kukuulizia hali ya watoto, ya shangazi, na ya kuku. Leo hakusalimu. "Mwalimu Fikiri iko ku centre de santé. Iko muzima. Lakini batu banasema ni karuho. Banasema Nyota, jirani yake, ndiye alimupa. Beko ku mulango yake sasa."

Adèle alizima jiko. Chai ikabaki vuguvugu kwenye sufuria.

Karuho ni sumu ambayo hakuna mtu Bukavu aliyewahi kukuonyesha, lakini kila mtu anamjua mtu aliyeuawa nayo. Mgonjwa akikonda, karuho. Tumbo likivimba, karuho. Ndiyo maana anayekuletea chakula au kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, naye haoni haya. Ni adabu tu, kama kuvua viatu. Na asiyeonja, siku mtu akiugua, hana cha kujitetea.

Fikiri alikuwa kwenye daftari la Adèle tangu mwezi wa tatu. Mke wake alifia njiani walipokuwa wakikimbia kutoka Bunyakiri. Kila Jumanne Amisa alimtembelea, akarudi na ripoti ileile: amekula kidogo, amesema kidogo.

Mwenye pikipiki alipoambiwa Kasha, alitazama mawingu.

"Na hii matope? Maman, ukamate rozari."

"Rozari yangu imechoka."

"Basi tumekwisha. Miye niko Muprotestanti."

Adèle alitabasamu kwa sababu kijana alistahili kutabasamiwa. Kisha akafumba macho nyuma ya mgongo wake mpaka Kasha. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na siku hizi aliweza kulala hata juu ya pikipiki.

Mbele ya nyumba ya Nyota walisimama watu kama ishirini. Amisa alikuwa ameweka kigoda katikati ya mlango na kukikalia, mtandio kichwani, magoti yameziba njia kama mzigo usiojulikana mwenyewe.

"Madame directrice amefika!" akasema mama mmoja. "Ule wa kutengeneza vichwa."

"Aanze na ya kwako," Amisa akamjibu bila kumtazama.

Zagabe, kaka mkubwa wa Fikiri, alisogea mbele. Alikuwa mtu mpole, fundi wa mbao, na unga wa mbao ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Maman, hapa hakuna kazi ya vichwa. Huyu mwanamuke jana alipeleka sahani kwa mudogo yangu. Samaki ya sambaza na bugali. Akaiacha ku mulango, akaenda. Nani alimuona anaonja? Nani?"

"Mwalimu alikuwa amelala!" Nyota akapaza sauti kutoka ndani. "Nionje mbele ya nani? Mbele ya mbuzi yako?"

Mtu mmoja akacheka, akajikumbuka, akanyamaza.

"Chef wa mtaa amesema saa sita," Zagabe alisema. "Saa sita atoke na vitu vyake. Baada ya hapo miye siwezi kuzuia vijana."

Amisa alimvuta Adèle chini kwa ukosi, akamnong'oneza. Muuguzi Déogratias wa kituo cha afya alikuwa amemweleza kila kitu. Haikuwa sahani. Fikiri alijifanyia mwenyewe.

Adèle alibaki ameinama. Angeweza kugeuka na kulisema hapo hapo, na watu wangetawanyika. Lakini kanuni ya kwanza ya kazi yao, aliyoiandika kwa mkono wake, ilikuwa hii: neno la mtu ni la mtu. Fikiri akitangazwa na midomo mingine, angerudi nyumbani kuwa yule aliyejaribu, na Adèle alijua watu wa namna hiyo huishi muda gani.

"Papa Zagabe," akasema, "si usikie kwanza kwa mudogo yako mwenyewe?"

Zagabe alikubali upesi. Alitaka shahidi.

Kwenye kituo, Adèle aliomba aingie peke yake. Fikiri alilala ameelekea ukuta. Shati lake la kazi lilitundikwa juu ya kitanda, limepigwa pasi vizuri.

"Mwalimu. Saa sita banamufukuza Nyota."

"Nilisikia."

"Sahani yake ilikuwa na nini?"

"Sikuigusa," akasema. "Bugali ilikuwa ingali moto."

"Basi mwambie Zagabe."

"Nimwambie nini, maman? Mwenye karuho iko na adui. Batu banamuhurumia. Mwenye kufanya kama miye iko na nini? Padri ataniangalia namna gani? Na batoto ba darasa?" Akageuza kichwa kwa shida. "Weye unafundishaka batu kusema. Weye ulisemaka kitu gani?"

Miaka minne Adèle alikuwa amesimama kwenye kumbi za parokia, na karatasi zenye picha, akisema kimya kinaua. Watu walipiga makofi. Naye alirudi nyumbani akiwa amechoka kwa uchovu ambao usingizi haukuutibu, na hakuwahi kujiuliza unatoka wapi, kwa kuwa alijua.

"Nikimwita Zagabe?" akauliza.

"Umwite. Lakini weye uanze kusema ya kwako."

Zagabe aliingia na kofia mkononi, akasimama miguuni pa kitanda. Adèle hakuketi. Alishika chuma cha kitanda.

"Papa, kabla Mwalimu hajasema, niko na langu. Nilikuwa na kaka, Léopold. Alipokufa tulisema karuho. Tulimfanyia misa, kanisa lilijaa. Tukamfukuza jirani yetu, maman Bulonza. Akaenda Luberizi kuvuna mpunga wa watu, akafia huko akiitwa mchawi. Barua ya Léopold niliikuta miye. Nikaichoma. Hakuna mtu alimupa kitu. Alijiua."

Neno lenyewe lilitoka dogo. Alikuwa amelibeba miaka yote akidhani litavunja kitu.

Zagabe alizungusha kofia yake. "Maman, kwa nini unaniambia hiyo?" Lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kubadilika, na macho yake hayakuwa kwa Adèle tena.

Fikiri alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alijaribu kuketi, mkono ukamteleza, na Zagabe akamwahi na kumshika mgongo. Wakabaki hivyo, kaka amemshika mdogo wake kama mtu anayeshikilia ubao usianguke.

"Yaya," Fikiri alimwita kaka yake. "Nyota hakunipa kitu. Aliniletea chakula ju aliona sipiki. Ni miye. Nilitaka kufa, yaya, na sijui kama nimeacha kutaka. Usinirudishe mu ile nyumba peke yangu."