Tumbo la Chupa

Mwaka ule wa tisini na nane Bi Thuwaiba alikuwa na matumbo mawili ya kumshughulisha. La kwanza ni la mwanawe Shemsa, lenye mimba ya miezi sita. La pili lilikuwa chupa, ikitikisika katika maji ya vuguvugu kwenye maabara ya serikali alikofanya kazi tangu usichana wake. Aliliamini zaidi la chupa, na hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Mimba mbili zilikuwa zimeshamharibikia Shemsa. Hii ya tatu ilikuja na kichefuchefu kisichojua saa: wali hautulii, samaki hatulii, hata maji humrudi. Kilichotulia ni udongo tu. Msishangae, wanawake wangapi wa Unguja wamebeba mimba bila kutafuna udongo? Wanaokana wanaona haya, basi. Wake ulitoka Fumba alikoolewa. Mkwewe, Bi Tamima, aliuchimba nyuma ya jiko, akaupepeta, akaufinyanga vidonge, akauanika na kuufukiza udi mpaka ukanukia kama nguo ya biharusi. Shemsa alipokuja mjini kwa mama yake kungojea kujifungua, alikuja na mfuko mzima.

"Nyuma ya jiko kulikuwa na nini zamani?" Thuwaiba alimuuliza, kwa mazoea ya kazi yake.

"Baba mkwe, Mungu amrehemu, akiyeyusha betri kuukuu za gari hapo. Akitengenezea chubwi za nyavu."

Chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, hutengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa mtoto aliye tumboni. Thuwaiba alichukua vidonge viwili akaenda navyo kazini siku ya pili yake.

Mkuu wa maabara, Bwana Hashil, hakumficha. "Risasi imo, Bi Thuwaiba, tena nyingi. Lakini si yote inayoingia mwilini. Nyingine hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Tupime ile inayoyeyuka tu."

Njia yenyewe haikuwa ngumu. Udongo unatiwa katika chupa yenye maji ya tindikali, makali kama ya tumbo la mtu, unatikiswa kwa joto la mwili, kisha maji yanachujwa na kupelekwa kwenye mashine yenye moto na sindano ya kuonyesha kiasi cha risasi. Ila maji hayo yalikuwa ya namna mbili: makali sana, ya tumbo tupu, na yaliyopoa ukali, ya tumbo lililokula.

"Tupime lipi?" aliuliza Hashil.

Thuwaiba karibu akasirike. "Lililokula, bwana! Kwangu mimi hashindi mtu na njaa."

"Ingefaa yote mawili."

"La pili n'talipima kesho."

Sindano ilisogea kidogo tu, ikatulia. Thuwaiba alikwenda nyumbani mbio kama msichana. Alikuwa amechoka kumnyima mwanawe kitu pekee kilichomtuliza, na sasa alikuwa na ruhusa ya sayansi. "Kula, mwanangu," alisema. "Nshaupima. Hauna neno." Shemsa alilia kwa furaha. Na ile kesho ya kupima tumbo tupu haikufika, kwani nani anayefukua kaburi la shaka aliyokwisha kuizika?

Ikaandama Ramadhani. Shemsa alishikilia kufunga, na aliyemkataza alimjibu kwamba anamwomba Mungu mtoto, basi atamwombaje huku anakula mchana? Kila magharibi Thuwaiba alikuwa jikoni akihangaika na uji na tambi, na Shemsa akiwa chumbani kwake. Akitoka kuja kufuturu, keshatawadha na keshatabasamu, na mama akishukuru.

Kumi la mwisho lilipoingia, adhana ilimkuta Thuwaiba mlangoni mwa chumba, amekwenda kumwita. Alimwona mwanawe anafungua kinywa. Hakufungua kwa tende wala kwa maji. Alikamulia ndimu kidonge cha udongo, akakitia mdomoni, akafumba macho kwa raha.

"Kila siku hivi?" aliuliza Thuwaiba.

"Kila siku, Mama. Nikianza na huu, chakula hakinirudi."

Thuwaiba alimpokonya mfuko bila kueleza neno. Asubuhi alifika maabara kabla ya mfagizi. Alichanganya maji makali ya tumbo tupu, akatia udongo, akatikisa, akachuja. Hakuongeza ukali wa ndimu, moyo haukumpa. Sindano ilikwenda mpaka mwisho wa kipimo ikagonga ukingo.

Aliporudi nyumbani jirani alikuwa barazani akimngojea. Shemsa kashikwa na uchungu, wamempeleka hospitali. Mtoto alizaliwa jioni ile, mwanamume, hakulia. Daktari alisema ni kadari, mambo haya hutokea, sababu haijulikani. Wahenga wamesema majuto ni mjukuu. Thuwaiba aliyapata majuto; mjukuu walimzika wanaume baada ya tarawehe.

Siku ya tatu Bi Tamima alifika kutoka Fumba, akaanguka miguuni mwa mkaza mwana wake. "Udongo wangu, mwanangu! Watu wanasema ni udongo wangu."

"Inuka, Mama," alisema Shemsa kwa upole. "Udongo hauna kosa. Mama yangu kaupima mwenyewe kwa mashine. Mwambie, Mama."

Wote wawili walimtazama. Thuwaiba angeweza kuitikia kwa kichwa tu, na nyumba ingepumua. Daktari keshasema kadari, nani angempinga? Lakini alimwona yule mzee wa watu sakafuni, uso umemvimba kwa kilio, akashindwa. Akasema yote: tumbo tupu, tumbo lililokula, kesho isiyofika, sindano.

Shemsa alikaa kitako kitandani, akajipapasa tumbo lake lililolegea. Kisha akageukia ukuta.

"Mwezi mzima nilikuwa karibu yako, Mama," alisema. "Ukaona bora uiulize chupa."