Mkanda Mweusi wa Bukari

Kambini kwao, kambi ya wafanyakazi wa kampuni, watu walipewa mikanda yao Jumapili baada ya misa, uani kwa Anselme. Mikanda hiyo haikuwa ya kupigana. Anselme mwenyewe hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya kampuni, mnene kidogo, mwoga wa mbwa. Ila filamu za karate alizitazama zote kwenye ukumbi wa video, na zilimwingia mpaka kwenye mifupa. Mtu akifanya jambo dogo kwa ustadi, Anselme alikuwa tayari kumpandisha cheo.

Jirani yake Casimir, aliyelaza suruali chini ya godoro na kuamka nayo imenyooka kuliko ya padri, alipata mkanda wa kahawia. Musonda, mama wa nyumba ya pili, alijua kujipenyeza kwenye foleni ya bomba huku matusi yakimwangukia mtu mwingine kabisa. Huyo alipata wa bluu. Mikanda ilikuwa vipande vya nguo kuukuu. Anselme aliinama kama wale wa kwenye filamu, mwenye kupewa naye akainama, na uani watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mkanda mweusi ulikuwa mmoja tu, wa mke wake Angélique. Ili aupate, Anselme alichana bitana ya koti lake la harusi.

"Ceinture noire ya bukari!" alitangaza. Na hakuna aliyebisha, maana unga uwe mzuri au mbovu, bukari ya Angélique, ule ugali wa kila siku, ilitoka laini, haina hata kidonge. Mama wa watu aliona haya, akaufunga kiunoni juu ya kitenge, akaenda kupika nao.

Kisha nchi ikaharibika. Askari walipora maduka ya mjini, na raia wakamalizia milango na mabati. Kampuni ilichelewesha mishahara, halafu ikanyamaza. Mwishowe hata mposho, yale magunia ya unga yaliyogawiwa wafanyakazi na kulisha kambi nzima, hayakuja tena. Karakana ilitiwa kufuli. Anselme aliendelea kwenda kila asubuhi, akakaa getini na wenzake kungoja habari.

Lakini jioni sahani yake ilikuja imejaa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za kambi, baba alikula sebuleni peke yake, mama na watoto wakala nje jikoni. Angélique aliweka sahani mezani, akamnawisha mikono, akatoka. Na Anselme akaenda kujisifu getini kwamba amempandisha mkewe daraja la pili la mkanda mweusi.

"Bibi yangu alipanda tena, eko deuxième dan! Kikombe ya bunga moja, bantu yote banashiba."

Wenzake walicheka, wakamwonea wivu. Naye alifurahi kuonewa wivu, katika majira ambayo hakuna aliyekuwa na kitu cha kuonewa.

Ukweli ni kwamba aliona. Jioni moja alirudisha sahani mwenyewe hadi jikoni. Sufuria ilikuwa imekwanguliwa ikang'aa. Binti yao Lydie alikuwa akilamba mwiko, na mdogo wake Stanislas akitafuna ukoko. Mbele ya Angélique palikuwa na tonge moja, amelifunika kwa kifuniko. Anselme alitaka kuuliza. Swali lilifika mdomoni kabisa. Lakini tumbo lake lilitangulia, akanyoosha sahani na kusema kwa sauti ya mzaha, kama mwanafunzi kwa mwalimu wake wa karate:

"Maître, hakuna hata kadogo tena?"

Angélique alifunua lile tonge, akaliweka kwenye sahani ya mumewe. "Kamata, Baba Lydie. Miye nilisha kula."

Anselme alijua kwamba mkewe anadanganya, na alikula. Baada ya kula aliinama kwa heshima ya karate, ili watoto wacheke. Angélique naye aliinama, huku mkono mmoja ameushika ukuta.

Mwanamume mwingine angetafuta kibarua, angeuza redio, angesema tu, "Mama, tugawane." Anselme alizidisha sifa. Kila alipoona mashavu ya mke wake yameingia ndani alimsifu upya, na mwishowe akatangaza sherehe ya troisième dan, daraja la tatu, mbele ya majirani wote, kila mmoja aje na unga kidogo. Moyoni alijiambia kwamba anamfanyia Angélique sikukuu.

Jumapili iliyofuata majirani walikuja. Sufuria kubwa ilipandishwa, maji yakachemka, Angélique akashika mwiko kwa mikono miwili. Bukari ya watu wengi ni nzito. Aligeuza, akageuza tena, watu uani wakipiga makofi, na Anselme akipiga kelele kushinda wote. Kisha mwiko ukasimama. Angélique akaanguka kando ya moto kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Musonda alimfikia wa kwanza. Alimvuta mbali na moto, akawafukuza wanaume kwa mkono, akalegeza kitenge ili apumue. Chini ya kitenge, juu ya ngozi tupu, ile bitana nyeusi ilikuwa imemzunguka tumbo, imekazwa kiasi cha kuzama. Fundo lilikataa kufunguka mpaka Musonda alipotumia meno.

"Nani alimufunga hivi?" aliuliza.

Kila mama pale alijua kwa nini tumbo hufungwa: ili lisililie. Casimir alitazama viatu vyake. Anselme aliupokea mkanda, akautia mfukoni, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Jioni alibeba sahani yake, akatoka nayo sebuleni, akaketi jikoni chini karibu na mkeka aliolazwa Angélique. Alifinyanga tonge, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamlisha.

"Batoto?" Angélique aliuliza.

"Balisha kula. Musonda alibapa. Kula, mama."

Angélique alikula tonge la kwanza na la pili. La tatu alilipokea kwa mkono wake, akalisogeza mdomoni, akatafuna vizuri, akameza. Anselme alitazama kiganja kikishuka polepole kuelekea chini ya kitenge, kimefumbwa. Akavifungua vidole vya mke wake kimoja kimoja. Tonge lilikuwa humo, zima; alikuwa ametafuna hewa tu.

"Nisamehe," alisema. "Niliona siku ile. Niliona, na nikakula."

"Nilijua uliona," alisema Angélique bila hasira.

Anselme alimwekea tonge mdomoni, na safari hii Angélique akalitafuna kweli, macho chini, kama mtu aliyekamatwa akiiba. Alipomeza alipapasa tumbo lake, akatafuta kitu, akakikosa.

"Baba Lydie, mukanda yangu iko wapi? Kesho utanirudishia. Bila ule siwezi simama."

Anselme aliingiza mkono mfukoni. Bitana ilikuwa bado mbichi kwa jasho la mke wake.